Kuhesabu Kimya

Mimi sikuwahi kupanda jukwaani.
Nilikaa nyuma ya pazia la magunia,
daftari mapajani, tochi mdomoni,
nikiwanong'oneza waliosahau.
Ndiyo kazi aliyonipa Bi Mize Faki
mwaka ule tulipopewa ghala la Utaani,
halina tena karafuu
ila harufu yake, imegoma kuhama.

Alikuwa hampi mtu uhusika wa kwao.
"Wako unao nyumbani. Hapa cheza wa mwenzio."
Basi Dominiki, seremala wa Kimakonde,
akavishwa joho, akawa kadhi;
Jayanti, binti wa duka la mwisho la Kibaniani,
akafunga kibwebwe, akawa mchumaji wa Ole;
na Salmini Mshihiri, muuza kahawa,
akalia kilio cha mjane wa Kingazija
hata wajane wenyewe wakamletea ubani.
Mji ukatucheka: kachumbari hao!
Bi Mize akachukua chaki, akaandika mlangoni:
KACHUMBARI. Kiingilio shilingi mbili.
Chumvi uje nayo.

Kisha ukaja mchezo wa pishi pungufu,
wa mkulima na mizani isiyosema kweli.
Tukaupeleka wilayani kama tulivyoamriwa.
Ukarudi na wino mwekundu,
kurasa nzima zimechinjwa.

Wengine tulitaka kuacha. Wengine, kupigana.
Yeye aliagiza chai,
akayasoma yaliyokatwa, kwa sauti, polepole,
akanigeukia:
"Wewe, hesabu. Yanachukua muda gani?"

Dakika moja na nusu, mkulima anaposhika mizani.
Sekunde ishirini, mkewe anapouliza bei.
Dakika nne kamili, mwisho.

"Basi. Hawakuandika tusinyamaze."

Usiku ule Dominiki alishika mizani
akafunga mdomo.
Nami nyuma ya pazia nikahesabu,
moja, mbili, mpaka tisini,
na ghala zima likasikiliza.
Siku ya tatu watu walishayajua maneno
(nani aliyavujisha? daftari nilikuwa nalo mimi)
na kimya kile kikaota midomo mia mbili
inayotembea bila sauti.
Bwana wa wilaya yuko mstari wa mbele,
kalamu mkononi,
hana cha kuandika.

Sisemi alikuwa malaika.
Alinirushia kiatu, si mara moja.
Mishahara aliilipa kwa ahadi,
na ahadi kwa halua.
Mwanawe alilelewa juu ya magunia,
akakua, akahamia Tanga,
na mpaka leo mchezo wa kuigiza hataki hata kuusikia.
Alikuja arobaini. Alikaa karibu na mlango.

Baada ya hitma tukakaa kikao:
ghala liitwe jina lake? lichongwe kibao?
Jayanti, mvi tupu sasa, akatoa karatasi,
mwandiko ule ule wa kukimbia:
"Jina langu msiliweke. Tengenezeni choo."
Tukacheka mpaka tukashindwa kucheka.
Choo kimetengenezwa. Kina bomba.

Juzi Asiata, aliyeanza kwetu akifagia,
ameurudisha mchezo wa pishi pungufu.
Hakuna aliyekata neno.
Mkubwa mpya ametupongeza, akataka picha.
Kila mstari umeruhusiwa, kila mstari ukasemwa,
watu wakapiga makofi ya heshima,
kama watu wanaotazama kabati la bibi yao.

Ila pale penye mizani
mjukuu wa Dominiki alishika mnyororo
akanyamaza.
Nikadhani kasahau. Nikafungua mdomo nimnong'oneze,
nikajikuta nahesabu.
Asiata, upande wa pili wa pazia, hakutikisika.

Nilifika sabini na moja.
Nyuma kabisa akasimama mama wa Kangagani,
vidole bado vyeusi kwa msimu,
akauliza, kwa sauti ya sokoni,
bei ya mwaka huu kaipanga nani.

Mjukuu akanitupia jicho.
Nikapekua daftari, mbele, nyuma, pembezoni.
Hilo halikuandikwa.